Mwenzenu wa Kundi la Ukoo

Fundi wa miwani hakuutafuta uadmini wa kundi la ukoo. Alitupiwa, kama mtu anavyotupiwa mtoto wa jirani amshike kidogo halafu mwenye mtoto asirudi. Kaka yake, ambaye ukoo mzima humwita Spika kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kunong'ona, ndiye aliyeliunda kundi hilo miaka mitatu nyuma, na ndiye aliyekuwa akiliendesha mpaka siku shangazi yao alipomwambia mbele ya watu wote kwamba anafuta ujumbe wa watu asiowapenda. Spika akasusa. "Haya, shikeni kundi lenu!" akaandika. Fundi hajainua kichwa kutoka kwenye mashine ya kusagia lenzi, simu ikalia kumjulisha kwamba admini sasa ni yeye.

Fundi ni mwanamke wa vipimo. Lenzi ikizidi kidogo tu haiingii kwenye fremu, ikipungua inadondoka kwenye supu ya mteja. Kwa hiyo jambo la kwanza alilolifanya, mchana ule ule duka likiwa tupu, ni kuhesabu. Alitoa daftari la oda, akaandika kila nambari ya kundi na mwenyewe. Nambari zilikuwa thelathini na moja. Ndugu aliowapata walikuwa thelathini.

Iliyobaki haikuwa na jina la mtu. Ilijiita "Mwenzenu", na mahali pa picha palikuwa na birika.

Fundi alicheka, kwa sababu Mwenzenu hakuwa mgeni hata kidogo. Kama kuna mtu aliyejulikana kwenye kundi lile, ni Mwenzenu. Msiba ukitokea, pole yake ndiyo ya kwanza. Ndiye aliyemkumbusha Spika siku ya kuzaliwa ya mkewe, miaka mitatu mfululizo, akainusuru ndoa. Ulipozuka ugomvi wa kabati la marehemu babu, watu wakaacha kusalimiana, ni yeye aliyeamua: kabati likae kwa shangazi, kioo chake kiende kwa mama. Ukoo mzima ukaitikia, "Umenena." Hata mapacha wa mdogo wao wa mwisho, yule wanayemwita Kitinda, majina yao aliyapendekeza Mwenzenu. Fundi alijua yupo kama mtu anavyojua ukuta upo. Siku zote alidhani ni wa upande wa shangazi.

Akampigia shangazi, mkunga mstaafu ambaye bado huzungumza kama anamwamrisha mtu asukume.

"Mwenzenu? Si yule wa upande wa mama yako! Mimi nimemhifadhi 'Shemeji Mpole'."

Akampigia mama.

"Huyo ni wa kwa shangazi yako, mwanangu. Mimi nimemwandika 'Mpwa wa Wifi'. Ana adabu huyo, sijui wamemlea vipi upande ule."

Akampigia Spika, akaisogeza simu mbali na sikio.

"BINAMU!"

"Binamu wa nani?"

"Binamu wa... Wewe nawe! Binamu ni binamu tu. Binamu ana wa nani?"

Mpaka alasiri Fundi alikuwa ameshawapigia watu kumi na wanne. Kila mmoja alimjua Mwenzenu vizuri sana, na kila mmoja alimjua kuwa ni wa mwingine. Akafungua picha za harusi ya Kitinda, akazipitia moja moja kama anayekagua lenzi yenye mkwaruzo. Kwenye picha ya nne alimwona mwanamume wa makamo, koti la kahawia, shingo imepinda kidogo kama anayesikiliza kitu ukutani. Kwenye picha ya tisa amemshikia mama mkoba. Kwenye ya kumi na saba anapepea watoto wa watu kwa kadi ya mwaliko. Halafu ikaja ile picha ambayo mpiga picha alitangaza kwa kipaza sauti, "Familia tu! Wengine wote tupisheni!" Wageni wote walipisha. Mwanamume wa koti la kahawia alikuwa katikati, mkono mmoja begani mwa Spika.

Alimtumia Spika picha ile. "Huyu nani?"

"Huyo si mpiga picha?"

"Mpiga picha anaingiaje kwenye picha?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Spika alinyamaza.

Fundi akakaa, akashusha pumzi, akamwandikia Mwenzenu faragha: "Samahani ndugu. Naomba nikuulize bila ubaya. Wewe ni nani wetu?"

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani. "Dada Fundi, hujala bado. Kula kwanza, tutazungumza."

Fundi alisimama, akaenda mlangoni, akatazama barabara upande huu na upande ule. Kulikuwa na mwuza ndoo za plastiki na paka. Ni kweli hakuwa amekula. Akaandika: "Umejuaje?"

"Ukiwa umeshiba huwa huandiki 'samahani'. Nimekufuatilia."

Kisha ukaja mwingine: "Swali lako ni zuri. Nimelisubiri miaka mitatu. Nilikuwa nimeliandalia jibu, lakini nimelisahau."

Kikao kikaitishwa nyumbani kwa mama, Jumapili mchana, wakaja wale wa karibu tu: mama, shangazi, Spika, Fundi na Kitinda. Shangazi, ambaye alikuwa amesikia kwamba simu husikiliza watu, aliamuru zote zizimwe, zikaingizwa kwenye sufuria kubwa, likafunikwa, sufuria likavishwa blanketi na kuwekwa jikoni. Wakaketi sebuleni wakinong'ona. Spika alinong'ona pia, na jirani wa nyumba ya pili akaitikia hodi.

"Mtu amekaa miaka mitatu ndani ya nyumba yetu," alisema Fundi. "Anajua mapacha wamechanjwa lini. Anajua nani hasemi na nani."

"Nani hasemi na nani?" akauliza shangazi upesi.

"Shangazi, si hoja hiyo."

"Tumpige!" alisema Spika.

"Utampigaje birika?" alisema Kitinda, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwatazama wanawe kama waliobandikwa majina ya mtu mwingine. Kusema kweli, ndivyo ilivyokuwa.

Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza. Mwishowe akasema polepole, "Mtu mwenyewe hana neno baya. Mnataka kumtoa kwa kosa gani? La kusalimia?"

Wakashindwa kuafikiana, wakaenda kuzitoa simu kwenye sufuria. Zilipowashwa, zote tano zililia kwa pamoja.

"Wapendwa," alikuwa ameandika Mwenzenu, "naona mmetoka hewani nyote saa nane kasorobo. Kama ni msiba, poleni sana. Kama ni kikao, mbona mwenzenu sikuitwa?" Na chini yake: "Kama mko kwa mama, mkumbusheni asikalie kile kiti chenye mguu mbovu."

Wote wakageuka. Mama alikuwa amekikalia. Akainuka taratibu, akakisogeza kando kwa ncha ya vidole, kama kiti chenyewe ndicho kilichoandika.

Hapo Fundi akaona maji yamezidi unga. Akamwandikia: "Nataka tuonane ana kwa ana." Alitegemea atapigwa chenga, au nambari itazimwa. Mwenzenu alituma maelekezo marefu kuliko barua ya posa: njia kuu, mizani ya malori, kibanda chenye bati la kijani, zamu yake huanza saa mbili asubuhi. "Njoo na Spika, usije peke yako, si vizuri kwenda kuonana na mtu usiyemjua. Ila mwambie asipaze sauti. Madereva hushtuka."

Walikwenda Jumanne. Spika alibeba spana kubwa ndani ya gazeti. Kibanda kilikuwa pembeni ya lile bamba la chuma ambalo malori hupanda ili yapimwe uzito, na ndani yake, nyuma ya kidirisha, alikuwa ameketi yule yule mwanamume wa picha, koti lile lile, shingo ile ile. Aliwaona, akasimama, uso ukamchanua.

"Jamani! Spika umepungua. Karibuni, karibuni. Dada Fundi, kaa hapa, hapo pana upepo na wewe una mafua ya... Samahani, lori."

Lori lilikuwa limepanda. Akageukia kidirisha, akasoma mizani, akaandika kilo, mkono wa dereva ukaingia, ukachukua karatasi, ukatoka. Uso wa dereva haukuonekana. Ndivyo kazi ilivyokuwa: mkono, karatasi, mkono.

Fundi alikuwa ameandaa maneno makali tangu nyumbani, lakini macho yake yalikuwa yameshapanda ukutani. Ukuta mzima ulikuwa ni ukoo wao. Karatasi za manila zilizoungwa kwa gundi, mistari ya wino mweusi na mwekundu, babu juu, watoto chini, wakwe pembeni kwa penseli. Kulikuwa na binamu ambao Fundi mwenyewe alikuwa amewasahau. Chini ya kila jina palikuwa na picha iliyochapishwa: shangazi na kabati, Spika amelala mdomo wazi kwenye kochi, mwanawe Fundi na begi la shule, getini, siku ya kwanza.

"Hii umeipata wapi?" alisema, kidole kikiwa kwenye picha ya mwanawe.

"Uliituma wewe," alisema Mwenzenu kwa upole. "Tarehe sita, saa moja na dakika kumi asubuhi. Uliandika, 'Jamani shule yenyewe ndiyo hii, mnaionaje?' Mimi nilijibu, 'Geti zuri.'"

Kweli alijibu hivyo. Fundi alikumbuka alivyofurahi siku ile kwamba kuna aliyejali geti. Akakiondoa kidole pichani.

"Uliingiaje?" Spika aliuliza. Lori lililokuwa linapanda likafunga breki.

"Uliniingiza wewe, kaka. Uliandika sita mahali pa tisa. Alikuwa anatafutwa mjomba wenu, yule kaka yake mama aliyehamia mbali. Ukanipata mimi." Alivua miwani yake akaifuta, na Fundi akaona, bila kutaka, kwamba lenzi zake zilikuwa zimechakaa vibaya. "Siku ile watu kumi na tisa waliniandikia. 'Karibu mjomba, tumekukosa sana.' Dada, mimi tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunikosa. Nikasema nitasoma tu, kesho nitatoka. Kesho yake kukawa na msiba, hakuna aliyemkumbuka tena mjomba. Sasa mtu anatokaje katikati ya msiba? Nikasema nitatoka baada ya arobaini. Kabla ya arobaini, Kitinda akachumbiwa. Samahani, lori."

Alipogeuka, Spika alinyakua daftari lililokuwa mezani. Yalikuwa manne, yamefunikwa kwa plastiki kama ya mtoto wa shule, na mgongoni mwa kila moja pameandikwa jina la ukoo wao. Alifungua katikati, akasoma, macho yakamtoka.

"Fundi! Fundi wee! Mama ana mtoto!"

"Nini?"

"Imeandikwa hapa! 'Mama. Mtoto wa j. Upande wa kushoto. Mwaka wa pili sasa. Hataki Fundi ajue.' Mtoto wa J! J ni nani? Upande wa kushoto..." Alipiga paji la uso. "JIRANI! Mtoto wa jirani! Jirani wa kushoto, yule fundi bomba! Ndiyo maana huwa anakuja kutengeneza mfereji usioharibika!"

"Kaka, mama ana miaka sabini na moja."

"Ndiyo aibu yenyewe! Mtoto wa miaka miwili wamemficha wapi?"

Mkono wa dereva ulikuwa umeganda kidirishani, haukutaka kuondoka na karatasi kabla ya kusikia mwisho.

Fundi alimnyang'anya kaka yake daftari, akausoma mstari ule mwenyewe. Miaka ishirini anatengeneza miwani. Maneno hayo matatu hukutana nayo kila wiki kwenye karatasi za daktari wa macho. Si mtoto wa jirani. Ni mtoto wa jicho. Jicho la kushoto la mama lilikuwa linaingia ukungu, sasa mwaka wa pili, na yeye fundi wa macho ya watu hakuona. Yakamjia yote kwa mkupuo: chai iliyomwagwa nje ya kikombe, mama akicheka, "Uzee huu!" Mama akiacha kuandika na kuanza kutuma sauti tu. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Hawakutuambia kama humganga mamaye.

"Kwa nini alikwambia wewe?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwenzenu alishusha macho. "Nilimwuliza. Nilimwambia, mama, mbona siku hizi unasema tu, huandiki? Akaniambia. Aliogopa kwamba ukijua utafunga duka umpeleke huku na huko. Nilimsihi akwambie. Kila Alhamisi namsihi. Imo humo, kila Alhamisi nimetia alama."

Spika, aliyekuwa bado anamtafuta mtoto, aliuliza, "Kwa hiyo fundi bomba hahusiki?"

"Nyamaza, kaka." Fundi akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia mwenye kibanda. Huruma ilikuwa imeanza kumwingia na hakuitaka, kwa hiyo alizungumza haraka kabla haijaketi. "Sikiliza, ndugu. Wewe si mwizi, naona. Lakini ulikuwa unatuchungulia."

"Mlango ulikuwa wazi, dada. Tena mlisema karibu."

"Tulimkaribisha mjomba. Mtu mzima akikaribishwa kwa makosa husema, 'Jamani, siye.' Neno moja. Ulikuwa na miaka mitatu ya kulisema. Badala yake ukaja harusini ukamshika kaka yangu bega."

"Ni yeye aliyeniambia, 'Binamu, sogea.'"

Spika alikohoa, akatazama spana yake.

"Utabandua picha za watoto sasa hivi," alisema Fundi, "na madaftari naondoka nayo."

Hakubisha. Alipanda juu ya kiti, akazibandua moja moja kwa kucha, polepole, asichane pembe, akishuka kila mara kupima lori. Fundi alipokuwa anayafunga madaftari kwa kamba, aliona rafu ya chini, nyuma ya birika halisi la chai. Kulikuwa na madaftari mengine, mafungu matatu, plastiki za rangi nyingine, na migongoni majina ya koo asizozijua.

"Na haya?"

Mwanamume yule aliruka kutoka kitini, akasimama mbele ya rafu, mikono ameitandaza. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana amekasirika.

"Hayo si yenu," alisema. "Tafadhali, dada. Siri za watu."

Fundi alimtoa kundini siku ile ile, akaandika kwa ufupi jinsi mambo yalivyokuwa. Jioni shangazi akauliza, "Sasa ule uamuzi wa kabati bado una nguvu?" na ugomvi ukaanza upya pale ulipokuwa umeachwa. Kitinda alikaa wiki nzima akiwaita wanawe "wewe" na "mwenzako", mwishowe akakubali kwamba majina yale, yawe yametoka kwa nani, watoto wenyewe wameshayazoea. Mjomba wa kweli alipatikana. Fundi alimpigia nambari yenye tisa, akajieleza kwa unyenyekevu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka mitatu nimekaa nasubiri mniombe radhi," akaingizwa, na ndani ya siku mbili akawa ameshawatukana watu sita na kutuma video arobaini za dawa ya kitunguu. Watu walianza kumwandikia Fundi faragha, kwa aibu. Hivi yule bwana wa mizani, hatukumwonea kweli? Fundi alijibu kila mmoja neno lile lile: hapana. Baadhi yao, alijua, walikuwa bado wanamsalimia kwa siri. Hilo hakuwa na bisibisi ya kulikaza.

Alhamisi alilifunga duka, akaenda kumchukua mama.

Mama alikasirika njia nzima. Alimkasirikia Spika kwa ile habari ya fundi bomba, ambayo sasa ilikuwa imezunguka mtaa wote. Alimkasirikia Mwenzenu kwa kuandika mambo ya watu daftarini. Zaidi alimkasirikia Fundi kwa kufunga duka. "Si nilisema? Si ndicho nilichokuwa nakikimbia?" Kwenye kliniki ya macho benchi lilikuwa refu na foleni ndefu zaidi. Walikaa bega kwa bega. Muuguzi alimtia mama matone, akamwambia afumbe macho asubiri.

Fundi aliitazama mikono ya mama ikiwa imelala mapajani. Miaka yote amewauliza wageni: unaona vizuri hapa, na hapa je, na sasa? Kumwuliza huyu mmoja kulikuwa kama kuinua jiwe la kusagia.

"Mama. Kuna kingine chochote ambacho hujaniambia?"

Mama hakufumbua macho. "Una nafasi?"

"Ninayo."

"Usije ukaniambia baadaye duka limefungwa."

"Limefungwa tayari, Mama. Sema."

Mama akajiweka sawa, akavuta pumzi, akaanza na goti. Kutoka gotini akaenda kwenye ndoto anayoiota, kutoka kwenye ndoto akaenda kwa baba yao, jambo moja la mwaka ambao Fundi hajazaliwa, na kutoka hapo akaingia kwenye mambo ambayo Fundi hakujua kama mama yake ana pa kuyaweka. Muuguzi akaita jina lao mlangoni mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Fundi akamwinulia mkono kumwomba awatangulize waliokuwa nyuma yao.